Injini Iliyonyamaza Mbumbuni

Hadi leo kichwa kinanizunguka. Nilitoa injini ya dizeli kwenye mashine yangu ya kusaga, nikaweka mota ya stima. Mbumbuni yote ikanipongeza: sasa mtu anasagiwa mahindi na bado anasalimiana na jirani. Mke wangu Wayua peke yake alinuna, na siku hiyohiyo akaacha kuniletea chakula kazini.

Wayua! Miaka minne hajakosa. Saa saba anafika na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye bakuli, injini ikinguruma, anaketi juu ya gunia nyuma yangu mpaka nimalize. Nikimwashiria aende nyumbani, hatingishiki. Sasa nakula mandazi ya dukani kama kapera. Nimekosa nini? Nikamuuliza kama anaogopa stima. Hapana. Kuna mtu amenisengenya? Pia hapana.

Na vile alikuwa ananisaidia! Kwa kelele ile mimi nilisoma vidole vya wateja tu: viwili, gorogoro mbili, yaani makopo mawili ya kupimia. Yeye, hata akiwa amegeuka, ananipigia kelele sikioni, "Mama Kanyiva anasema usage laini, ni ya uji wa mtoto!" Nikimuuliza anasikiaje, anacheka.

"Ni kwaya, miaka ishirini. Watu thelathini wanaimba, ngoma na kayamba juu yao, na lazima nijue ni nani amepotea sauti. Sikio likizoea kumshika mmoja, halimwachii."

Nilidhani ni majivuno ya watu wa alto. Mimi pia kelele ile niliipenda, kwa sababu zangu.

Jana hasira zikanipanda. Nikaenda nyumbani mchana, unga bado kwenye nywele.

"Haki ya Mungu, Wayua, hii mashine imekukosea nini?"

Akaweka mwiko chini. "Kwa ile ya zamani ulikuwa unaongea na Mwau."

Mwau ni kijana wetu, wa pekee, tuliyemzika miaka minne iliyopita. Tangu matanga jina lake halijatajwa kwetu, na mimi ndiye niliyekataza, tena kwa ukali. Lakini injini ikiwaka nilikuwa namwambia kila kitu: mvua imekataa, ng'ombe wako amezaa, babako amechoka. Nani angesikia? Hata mimi sikujisikia.

"Kumbe ulisikia?"

"Yote. Unafikiri nilikuwa nakuja kwa sababu ya muthokoi? Nyumbani uliniacha nilie peke yangu. Pale tulikuwa watatu." Akajifuta uso na leso. "Sasa umenizimia mtoto, Baba Mwau."

Hakuna aliyeniita hivyo tangu matanga. Nilitaka kufoka, kama kawaida yangu. Badala yake nikaketi kwenye kigoda karibu na jiko.

"Mwau," nikasema, bila injini. Sauti ilitoka ndogo mno, nikadhani hajaisikia.

"Endelea," Wayua akasema. "Nakusikia."