Barua ya Waziri Haskins

Kwa miaka tisa Silas Bramwell aliandika kila neno ambalo Waziri wa Kilimo, Orville Haskins, alisifiwa kwalo. Hotuba za ngano, taarifa za Bungeni, hata rambirambi kwa wajane. Haskins alitia saini bila kusoma; alisema macho yake ni ya kutazama mashamba. Magazeti ya Washington yalimwita msemaji hodari, na Silas, naibu wake, aliyakata na kuyaweka kwenye kasha, kila kipande kikimchoma.

Walianza pamoja Indiana, wakiuza mbegu katika duka moja. Haskins akachaguliwa kwenda Bungeni, akamchukua Silas. Akaitwa kwenye Baraza la Mawaziri, akamchukua Silas. Mmoja alipanda, mwingine akashika ngazi isiyumbe.

Machi 1907, moyo wa Haskins ulipochoka, Rais alimwomba amtaje kwa barua mtu wa kushika nafasi yake. Silas alishonesha koti jipya. Alimwambia mkewe wasipange safari ya Indiana kiangazi hicho.

Waziri alimpokea asubuhi akiwa kitandani, mito mitatu mgongoni.

"Andika jina la Kessler," alisema.

Emmett Kessler alikuwa mtaalamu wa udongo, umri miaka thelathini na minane, hajamaliza hata miaka miwili wizarani. Alizoea kumbishia Waziri mbele za watu, na Waziri alikuwa akicheka tu.

"Kessler hajui hata kufunga tai," Silas alisema.

"Atafungiwa. Kwani sisi tulikuja tukijua?"

"Na mimi je, Orville?" Hakuwa amemwita hivyo tangu dukani.

Haskins alijiegemeza kwenye mito. "Wewe umekuwa mkono wangu, ndugu yangu. Sasa wanatafuta kichwa."

Silas alikwenda kwenye meza ya chumba cha pili, akaandika barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Penye jina la mtu, akaandika lake mwenyewe. Alijua itatiwa saini kama nyingine zote.

Haskins alishika kalamu, kisha akaomba miwani. Alisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka mwisho.

"Mzuri kweli huyu mtu," alisema, bila hasira. "Haya, iandike tena."

Silas aliiandika tena, neno kwa neno, akibadilisha jina peke yake. Uaminifu wake, subira yake, bidii yake kazini, vyote alimpa Kessler. Barua hiyo ya pili Haskins aliitia saini bila kuisoma.

Jumapili iliyofuata alifariki.

Kanisani, siku ya maziko, mjane wake alimwomba Kessler aseme machache. Kessler alisimama na tai iliyopinda, akaanza, akapotea, akarudia alichokwisha kusema. Alisema mzee alimruhusu kubisha, na kwamba hajui sasa atabishana na nani. Hakuweza kumaliza. Kanisa zima lililia.

Silas alikaa benchi la tatu na kurasa nne za rambirambi mfukoni, alizoziandika bila kuombwa, hazina kosa hata moja. Alitafuta machozi yake, hayakuja. Alimtazama Kessler akijipangusa mashavu kwa mkono wa koti, akamwonea wivu hata kwa hilo.