Mwenye Nyumba Amesema?

Ieleweke mapema kwamba Bwana Kamardine alikuwa mtu mzito. Huko Moroni, mji mkuu, alikuwa na ofisi, feni ya dari na mhuri wake mwenyewe, na watu walimwamkia wangali mbali. Kisha wakaja wale askari wa kukodiwa, Wazungu, serikali ikageuka, na feni ikaanza kumpepea mwingine. Nyumba ya serikali nayo ikatakiwa irudishwe. Hakubakiwa na pa kwenda ila kijiji cha Patsy, kwenye kisiwa kingine, mlimani juu ya Mutsamudu, kwenye nyumba ya mkewe Dhakia.

Kwa Wakomoro nyumba ni ya mwanamke: baba humjengea binti, mume huingia. Kamardine aliyajua hayo, lakini miaka yote ya ndoa paa lilikuwa lake, na utamu wa kuamuru ulikuwa umemkolea.

Waliikuta nyumba imemezwa na majani. Mfanyabiashara aliyeipanga miaka nenda miaka rudi alianika karafuu sebuleni, asikate hata tawi. Milangilangi, miti ya maua ya manukato ambayo hukatwa vichwa ili wachumaji wayafikie maua, ilikuwa imeupita mnara wa msikiti. Popo weusi, wakubwa kama paka, walining'inia humo wakigombana mchana kutwa. Komba walikuwa wamehamia darini na jamaa zao wote.

Kamardine akashika kiuno. "Oumouri! Angusha ule mlangilangi mkubwa. Leo hii!"

Oumouri, fundi na mdogo wake Dhakia, aliendelea kunoa panga. "Mwenye nyumba amesema?"

"Mimi ni mumewe!"

"Hongera, shemeji."

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Juu ya paa komba dume alikuwa ametulia, akimngoja jike amalize papai. "Mtazame mwenzako," Oumouri akasema. "Ana adabu zake."

Kamardine aliona kwamba akishindwa hapo, mbele ya mafundi, hatakuwa mtu popote tena. Akampokonya panga, akavua viatu, akapanda ngazi, akapiga pigo moja la heshima. Popo wakafumuka, mbingu ikawa nyeusi. Na kwa kuwa popo hawana desturi ya kwenda chooni, shati jeupe la ofisini likapokea kila kitu.

"Shuka, Baba Zainaba!" Dhakia aliita kutoka dirishani. "Wananyonyesha hao. Watoto wakishaweza kuruka tutaukata kichwa, si shina. Maua ya mti huo ndiyo yatakayotulisha."

Hakufoka, wala hakumtazama mtu kutafuta ruhusa.

Kamardine akashuka, akingoja kuchekwa. Alichekwa vizuri. Dhakia mwenyewe alicheka hadi akakaa kizingitini. Kisha akaleta maji na kitambaa, akamsafisha mumewe shingo taratibu, kwa mkono wake, hata mafundi wakaona haya na kugeukia ukuta.

"Dhakia," Kamardine alinong'ona, "nisipoamuru, mimi humu ndani nitakuwa nani?"

Dhakia alikamua kitambaa.

"Utakuwa mume wangu," akasema. "Na hiyo sebule imejaa vumbi la karafuu. Unajua kufagia?"

"Sijui."

"Kwa umri huu?"

"Sikuwahi kuombwa."

"Basi nakuomba."

Akampa ufagio. Bwana Kamardine akaupokea kwa mikono miwili, akakohoa kidogo, akauliza aanzie kona ipi.