Sindano za Dhahabu

Eti sisi ni waongo. Daktari alilitamka hilo wodini, mbele ya watu, mama yangu kalala pale kavimba uso hadi macho hayaonekani. Mwaka ule wa hamsini na moja nilikuwa na adabu zangu, lakini siku ile ziliniisha.

Mama yangu, Lucia, alikuja kwa lori kutoka Makambako, vidole vimejikunja kwa baridi yabisi, hawezi hata kumenya kiazi. Hospitali moja ya misheni huku Njombe wakamwanzishia sindano za dawa iliyotengenezwa kwa dhahabu. Ndiyo, dhahabu hii hii ya pete. Kila Jumatatu sindano moja, na kabla yake alete mkojo uchemshwe. Mchemshaji alikuwa Filemoni, mume wangu, dresa wa hapo, msaidizi wa daktari.

Jamani, mkwe! Kwetu mama mkwe akisikia sauti ya mkwewe njiani, anapita porini. Filemoni alimweleza daktari siku ya kwanza kabisa kwamba kazi hiyo haiwezi, apewe mwingine. Daktari akacheka, akasema hospitalini hakuna ukwe.

Basi mama akanijia na chupa tupu, akaniomba nimtilie mkojo wangu. Nikamtilia wiki tisa. Hakuna aliyetuambia mkojo ule ni wa kazi gani; tulidhani wanatafuta kichocho. Na vidole vilikuwa vinafunguka, ameanza tena kusuka vikapu. Ningekataaje?

Wiki ya kumi akavimba. Filemoni akashangaa, maana mkojo wote aliouchemsha ulikuwa safi. Hapo nikamwambia ukweli. Akaenda mwenyewe kitandani, akapokea chupa mkononi mwa mama, wote wawili wametazama ukutani. Alipouchemsha, mkojo ukaganda mweupe kama ute wa yai. Kumbe ndicho walichokuwa wakikitafuta: dhahabu ilikuwa imeshaharibu figo.

Ndipo daktari akaja na hayo ya waongo.

"Uliambiwa," nikamwambia. "Siku ya kwanza uliambiwa, ukacheka."

Akainamia jalada lake, akaandika kwamba mgonjwa aliidanganya hospitali. Nikamwuliza kama ataandika na kicheko chake. Akafunga jalada, akaenda kitanda kingine, mshenzi yule.

Mama alikata roho Alhamisi. Aliniomba jambo moja tu: nimwombee radhi kwa Filemoni, kwa kuwa alimshikisha mkojo wake. Kuhusu kufa hakulalamika hata kidogo.