Kuamia Ndege Wasiokuwepo

…na huku anasema kaza tu, Resti, vuta, kichwa changu siku hizi hakisikii maumivu, na mimi navuta, Mungu anisamehe, navuta kuliko inavyotakiwa, maana amekuja kukaa kwenye mkeka wangu, hapa barazani kwangu Mchombe, kichwa chake katikati ya magoti yangu, anataka twende kilioni, mistari ya kurudi nyuma, apendeze Jumamosi mshenga atakapoleta barua ya posa ya Teddy, na Teddy hajaulizwa, msichana mzima na akili zake hajaulizwa, bwana ni mnunuzi wa mpunga kule Mlimba, kafiwa na mke, ana nyumba nzuri, "mtu mpole," anasema Mama Teddy, "hata pombe hanywi," ehee, hanywi, sifa zimeishia hapo, na mimi nikasema hongera mama, mdomo huu huu ukasema hongera, loh, mdomo hauna haya… "Maana huyu mtoto akiendelea kukaa nyumbani atanifia," anasema, na mkono wangu unasimama, halafu unaendelea wenyewe, gawa, chukua, pitisha, "hali, haongei, anashinda kalala kaangalia ukuta, nikimwita anaitika baadaye, kama yuko mbali." Najua, mama. Nakushinda kujua. Mimi nimeangalia ukuta wa nyumba ya Agapiti aliyenioa kule Chita mpaka nikajua kila ufa, mwanaume wa watu hakuwa mbaya, hata kofi hakunipiga, ila jua likianza kushuka natafuta kazi yoyote ya kunibakiza nje, na nani wa kumwambia, padri?, mama yangu?, kwamba moyo wangu tangu usichana unakwenda kwa wanawake na haujawahi kukosea njia hata siku moja?, thubutu, wangeniita msagaji, wangeitisha kikao cha ukoo, shangazi zangu wangenivua nguo wanikague, kwa hiyo nikanyamaza, nikakonda, nikaambiwa nina mimba… mpaka msimu ule wa kuamia ndege, kila mtu kahamia shamba, mtu na dungu lake la miti, unakaa juu tangu alfajiri unawapigia kelele kwelea wasimalize mpunga, na mimi nilikuwa napiga kelele huku nalia, wala sikuwa nafukuza ndege, nilikuwa namtukana Mungu, nasema nataka kufa, kwa sauti kubwa, maana anayeamia ndege haulizwi anapiga kelele za nini, ndipo nikasikia kutoka dungu la jirani sauti ya mwanamke, Upo?, nikanyamaza, ikarudia, We, si nakuuliza, upo?, nikasema nipo, ikasema basi na mimi nipo, haya fukuza ndege hao. Hivyo tu. Huyo ndiye Balbina, mkubwa wangu, aliyekuwa na siri kama yangu na kaibeba miaka mingi kabla yangu, na msimu uliofuata akaja Fridolin kinyozi, naye anapenda wanaume wenzake, na mwaka huu Teddy, kalima shamba lililopakana na letu, akaanza kwa kunong'ona, akaishia kupaza kutushinda sote, anamlilia yule binti wa Ifakara aliyemwacha akaolewa, sisi tunajibu, Tupo!, na wapita njia wanasema hawa mwaka huu ndege hawatakula hata punje.

"…na siku ya posa nitavaa kile kitenge," anasema, mmh, naitika, kitenge kizuri hicho mama… halafu wakaja wale wa semina, watu wa mradi, wakatukusanya hotelini Ifakara, wakatuambia jambo letu lina jina, afya ya akili, kusaidiana sisi kwa sisi, wakabandika makaratasi makubwa ukutani, msikilize mwenzako, usimhukumu, Balbina akaniminya paja, kumbe sisi wataalamu!, tukacheka mpaka tukaonywa, wakatupa namba ya kupiga mtu akizidiwa, wakatupa na sharti, kwamba kijijini tusitafutane, tusiendeane majumbani, watu watatushtukia, subiri mwenzako akutafute yeye. Sawa. Mradi ukafungwa, hata kwaheri hatukuambiwa, ile namba ukiipiga unaambiwa haipatikani, semina hakuna, wale vijana wenye miwani hakuna, kilichobaki ni sharti, sharti halihitaji mfadhili. Nalo tukalishika kama amri ya kanisa, hasa vijana walipomshtukia Fridolin wakavunja kibanda chake, wakamwaga vioo vyake barabarani wanashangilia, watu wa jumuiya yetu, tunaosali nao rozari, wamesimama wanatazama, akaondoka bila begi, na Balbina yuko Mahenge anauguza kaka yake, mpunga umevunwa, madungu matupu, nimebaki mimi, mtaalamu, nasuka.

"Kuna jambo sijakwambia," anasema Mama Teddy, na sauti kaishusha ingawa barazani tuko wawili na kuku. "Juzi alitoroka akaenda shambani. Yule mzee Valeriani alikuwa anapita, akamkuta kapanda dunguni anaamia ndege. Ndege hakuna, Resti. Mpunga hakuna, mabua matupu. Anapiga kelele, mpo?, mpo?, ananyamaza anasikiliza, anaita tena, mpaka sauti ikamkauka. Valeriani ndiye aliyemshusha." Mkono wangu… gawa, chukua… chukua nini, nimepoteza mstari, nafumua, naanza upya. "Ndiyo nikajua ni mashetani ya mtoni. Shambani alikuwa mzima, anacheka, kanawiri, tumerudi nyumbani tu kaanza kunyauka. Yalimpata hukohuko, mto uko jirani, sasa yanamwita. Keshokutwa nampeleka kwa mama mmoja wa maombezi, wanamfungia ndani bila chakula, wanamwombea mpaka yatoke, halafu Jumamosi aipokee posa akiwa msafi." Msafi! Jamani, msafi, mtoto aliyekuwa anaita watu mnamfunga kwa kuwa aliita, shetani wa mtoni gani, shetani ni nyinyi, ni wewe na mshenga wako na kitenge chako, na mimi pia, mimi niliyekuwa nimekaa hapa na sharti langu nasubiri anitafute, kumbe ananitafuta, kaenda kunitafutia palepale tunapopatikana, kaita mpaka kakauka na hakuna hata mmoja wa kusema nipo, na sasa navuta nywele za huyu mwanamke na kila ninavyovuta namchukia, nataka alie, lia basi, lia kidogo nione… na kidole changu kinaingia kisogoni mahali laini, hakuna nywele. Pamenyonyoka, duara zima, ngozi inang'aa. Na hapa nyuma ya sikio. Na hapa tena. Mwaka jana kichwa hiki nilikisuka mimi, kilikuwa kimejaa. Wala haoni haya, kainama tu, shingo imekwisha, mifupa mitupu, huyu naye hali, huyu naye halali, na mimi namvuta.

"Resti mwanangu," anasema, hageuki. "Mimi sikuja kwa ajili ya nywele. Nyinyi mlikuwa naye kule, madungu ya jirani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mlikuwa mnampa nini? Kama ni dawa nipe, nitampa. Sitauliza imetoka wapi." Uongo ninao tayari, ninao mdomoni tangu niolewe, hatukumpa kitu mama, na nikisema vingine kesho ni baraza hili litakalovunjwa, vitana vyangu barabarani, mkeka wangu, na wa jumuiya wamesimama wanatazama, kwa hiyo sema hatukumpa kitu, sema, si kazi yako hiyo… "Tulikuwa tunamjibu," nasema. "Akiita, tunamjibu, mama. Basi." Kuku anadonoa ukingo wa mkeka. Sasa atainuka, ataelewa, atapiga yowe, nusu kichwa kimesukwa nusu timutimu, atakimbilia barabarani hivyohivyo… hainuki. Mabega yanapanda, yanashuka. "Mbona mimi hajawahi kuniita?" anasema, polepole, kama mtu anayeuliza njia, na Jumamosi ni ileile na mshenga ni yuleyule, nusu ya kichwa bado, lakini mkono umelegea, sivuti tena, nalipita lile duara kwa ncha za vidole. Inama kidogo, mama, namwambia, nimalizie huku. Halafu unipeleke kwako nikamjibu, mchana huu huu, na wanaotaka kutazama watazame.