Joto la Mita Kumi na Nne

Katika maisha yangu ya bweni nimewahi kutangaza msiba wa mwalimu wa zamu aliyekuwa hai, na nimewahi kumweka chura ndani ya kinanda cha kwaya. Hayo yote niliyaungama, na adhabu zake nilizimaliza kwa kufyeka majani. Lakini kosa kubwa kuliko yote nililifanya nikisema kweli tupu, jikoni kwa Mama Mihayo, nikiwa na tonge la ugali mkononi.

Mihayo ni rafiki yangu. Tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini, mimi juu. Shule yetu iko Shinyanga mjini, ila kwao ni nje kidogo ya Kharumwa, pembeni mwa machimbo ya dhahabu yaliyoachwa. Baba yake, mzee Mageni, alifukiwa humo ndani ya duara lake, shimo la mita kumi na nne, tarehe mbili Aprili ya mwaka mmoja wa mvua nyingi. Wenzake walichimba siku tatu. Kila walichotoa kilirudi, wakaacha. Ukoo ukataka nguo zake zizikwe ili matanga yaishe. Mama Mihayo akawajibu kwamba nguo hazijafa.

Tangu siku hiyo hakukubali kuhama. Mdogo wake, Agnetha, alimtengea chumba Nyasubi, kule Kahama, kikakaa kitupu. Wakati huo ardhi ya machimbo ilikuwa inaliwa kwa chini. Maduara ya zamani yameunganishwa na njia za gizani ambazo hakuna aliyezichora, na kila masika kitu kinazama. Mwaka huo kilizama choo cha jirani, pamoja na mlango na kopo lake. Kila Mihayo alipoitwa ofisini shuleni, alikwenda akiamini anakwenda kuambiwa habari za mama yake. Nilimwona akirudi mara nyingi akiwa amelowa jasho, kumbe aliitiwa ada ya maabara.

Likizo ya Krismasi nilikwenda kukaa kwao. Katekista Athanas akaja kumsihi mama akubali sala ya marehemu isomwe, kisha ahame, kama alivyofanya kila mwaka.

"Mama Mihayo, marehemu yuko kwa Mungu. Pale shimoni hakuna mtu."

"Katekista, taa yake ilizimika kabla yeye hajafa. Waliokuwa juu waliiona inazimika. Mungu alimwona kwa kitu gani?"

"Mungu hahitaji taa."

"Mimi naihitaji." Akanigeukia. "Na nyie wa fizikia, vitabu vyenu vinasemaje? Mtu akifia gizani anaishia hapohapo?"

Sasa, Mwalimu Eustace, anayetufundisha fizikia na pia kuongoza kwaya, alikuwa ametuambia kwamba nishati haipotei. Mtu akisimama juani, mwanga unaogonga mwili wake unaondoka kwenda angani na haukomi kwenda. Nikamweleza mama hivyo. Akasema mumewe hakuwa juani. Nikasema basi kuna joto. Joto la mwili wake liliingia kwenye mwamba, na mwamba hulipitisha polepole sana, kama habari inayopita kwa watu wenye aibu. Likifika juu ya ardhi linageuka mwanga usioonekana kwa macho, linaondoka kwenda mbinguni, na hakuna wa kulirudisha.

"Lini?" akauliza.

Mwenye akili angesema sijui. Mimi niliokota kipande cha mkaa, nikaandika mlangoni kumi na nne mara kumi na nne, nikaongeza sifuri sita za uvivu wa mwamba, nikagawanya kwa sekunde za mwaka. Ikatoka miaka sita na siku sabini na saba tangu afukiwe.

"Tarehe kumi na nane Juni, mama."

Katekista alinivuta nje kwa shati. "Fredy, umempa tarehe," akasema. "Kanisa lina miaka elfu mbili, na halijawahi kumpa mtu tarehe."

Niliporudi shule nilimwuliza Mwalimu Eustace. Akasema hesabu inakubalika kwa makadirio ya daftarini, ila joto litakalofika juu ni dogo kiasi kwamba nzi akitua pale ataipasha ardhi zaidi. Hakuna kipimo duniani kinachoweza kulipata. Nikampelekea Mihayo majibu hayo mezani, kwenye bwalo, tukiwa na maharage yetu.

"Kwa hiyo mama ataweka mkono, asihisi kitu," akasema.

"Hatahisi."

"Atasema bado hajatoka. Ataendelea kungoja mpaka ardhi impeleke yeye kule aliko baba." Alikula kijiko kimoja, akakiweka chini. "Bebe, wewe Fredy, mlangoni uliandika wewe. Mtafutie hilo joto."

Ndivyo nilivyoingia kwenye utume wangu.

Tarehe kumi na saba Juni, jua likiwa bado halijazama, tulibeba debe la pumba za mpunga hadi kwenye duara la mzee Mageni. Wachoma tofali wanazijua pumba: zikishika moto haziwaki wala hazizimi, hufukuta ndani kwa ndani hadi kesho yake. Tukazitia moto, tukalifukia debe karibu na mdomo wa duara, mahali ambapo mama huketi, na juu tukaweka udongo wa unene wa kiganja. Nikachomeka bua la jani la papai ili moto upate hewa. Nilijivunia sana lile bua.

Nilipokuwa nasawazisha udongo, machimbo yakavuta pumzi.

Sina neno jingine. Upepo ulikuwa umetulia. Nyasi zilizoota kwenye midomo ya maduara, yote kumi na saba, ziliinamia ndani kwa pamoja, zikabaki zimeinama. Ilisikika sauti kama ya mtu anayenywa uji wa moto, mbali, chini. Bua langu la papai nalo likaanza kulia.

"Huwa yanafanya hivyo," Mihayo akasema. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Jioni yanavuta. Asubuhi yanatoa."

"Na la baba yako?"

"La baba limefukiwa. Halivuti wala halitoi."

Tuliondoka bila kukimbia, ila tulitembea kwa namna ambayo kocha wetu wa riadha angeipenda.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi palikuwa na baridi, na umande ulikuwa umelala juu ya kila kitu, mweupe kama chumvi. Kutoka kila duara ulipanda ukungu mwembamba, wima. Duara la mzee Mageni tu ndilo halikutoa kitu. Katekista alifika na baiskeli yake. Alisema amekuja kulinda imani, na kofia yake ya sufu alikuwa ameivuta hadi kwenye nyusi.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Katekista. Shughuli yako ingoje kidogo."

Mama alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Alikwenda moja kwa moja pale anapoketi siku zote, akasimama, akainua pua.

"Hapa pana pumba."

Mimi na Mihayo tuliangalia mashariki, kwa heshima, kana kwamba kuna wimbo wa taifa. Mama akasukuma udongo kwa kidole cha mguu. Bua la papai likajitokeza, linatoa kamoshi.

"Fredy."

"Naam, mama."

"Hiki ni nini?"

"Ni msaada, mama."

Katekista aligeukia baiskeli yake ghafla na kuanza kukagua mnyororo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Miaka sita nimekaa na ardhi hii," mama akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unadhani siijui inavyonuka? Nyie watoto. Mmenionea huruma mpaka mmenipikia ardhi."

"Mama, twende nyumbani," Mihayo akasema. "Hakuna kitakachotoka. Fredy alimwuliza mwalimu. Hata nzi ana joto kuliko hilo. Tufungashe, twende kwa mama mdogo, nakuomba."

Mama alikuwa ameanza kutembea, polepole, akitazama chini kama mtu aliyedondosha sindano. Alipita mdomo wa duara, akaendelea hatua saba, nane. Akasimama.

Nyasi zote za pale zilikuwa nyeupe kwa umande, isipokuwa sehemu moja. Ilikuwa ndefu, nyembamba, na imejikunja kidogo katikati. Nyasi zake zilikuwa kavu kabisa. Niliipima kwa macho kabla sijajizuia. Ilikuwa na urefu wa mtu aliyelala kwa ubavu.

Mama alipiga magoti, akalaza shavu lake juu yake, akafumba macho.

"Mihayo," akaita. "Leta mkono."

Mihayo akaweka mkono, akauondoa kama aliyeguswa na mtu. Akaniangalia. Uso wake ulikuwa unauliza kama hii nayo ni kazi yangu. Nikatikisa kichwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu tujuane aliniamini bila kunitaka niape.

Nikaweka wangu. Pale palikuwa na joto, lakini si la jua, maana jua lilikuwa halijachomoza, wala si la moto. Lilikuwa joto la kiti alichokiacha mtu sasa hivi. Na lilikuwa linapungua. Nililisikia likiondoka chini ya vidole, kuanzia upande wa miguuni. Niliandika "miguuni" kwenye daftari langu siku ileile, na mpaka leo sijapata neno bora.

Katekista naye alichuchumaa. Aliweka kiganja, akakitoa, akakifuta kwenye suruali, akakirudisha.

"Pana ufa," akasema kwa sauti ya chini. "Hewa ya shimoni ina joto, inapita kwenye ufa, inakausha umande. Ni jambo la kawaida."

Nilitaka kukubali, lakini midomo yangu ilikuwa kazini. Katekista alikuwa anatoa maelezo ya fizikia, na mimi nilikuwa katikati ya Salamu Maria.

Kisha nikaelewa alichosema. Kama pana ufa, basi chini yetu hakuna kitu. Sote wanne tulikuwa tumeinama juu ya ganda. Mihayo alielewa pia, akamshika mama yake kwapani.

"Mama, inuka. Inuka taratibu."

"Ngoja. Anamalizia."

"Mama, ardhi hii itakwenda."

"Nimesema anamalizia, Mihayo. Alikungoja wewe miezi tisa, mngoje dakika mbili." Akafungua macho. "Katekista, ile sala ya marehemu niliyokukatalia. Isome."

"Kitabu nimekiacha kwenye baiskeli."

"Isome hivyohivyo."

Akavua kofia, akaisoma kwa kichwa. Alikosea mahali pawili, na hakurudia. Mama aliitikia, na mwishoni akaongeza lake, taratibu, kwa Kisukuma. Nililikamata neno moja tu, Liwelelo, ambalo mabibi walilitumia kumwita Mungu, na ambalo pia ni ulimwengu wote ulivyo, nyota na vyote. Baadaye Mihayo aliniambia kwamba alikuwa anamwomba ampokee mumewe. Wakati anasema hivyo, ukungu wa maduara yote ukakatika mara moja, kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa. Hakukuwa na ndege aliyelia. Mkono wangu ulikuwa bado chini, na chini palikuwa pamepoa, baridi sawa na kwingine kokote.

Mama akasimama bila kusaidiwa, akajikung'uta magoti.

"Ametoka," akasema. "Mihayo, kafunge godoro. Na wewe Fredy, zima hizo pumba usituchomee kijiji."

Shule ilipofunguliwa nilimweleza Mwalimu Eustace kila kitu, hata bua la papai. Akasema ni ufa, bila shaka yoyote. Nikasema nakubali. Nikamwuliza kwa nini mama aliyekaa pale miaka sita hakuwahi kupaona pakavu asubuhi nyingine, na kwa nini joto liliisha mkononi mwangu siku ileile, tarehe ileile niliyoiandika kwa mkaa. Mwalimu alichukua kifutio, akafuta ubao kwa makini. Ubao ulikuwa mtupu tangu tunaingia.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile tulipata fuso la mchele linalokwenda Kahama, tukapanda juu ya magunia, godoro likiwa katikati yetu. Machimbo yalipopotea nyuma ya miti, mama hakugeuka kuyatazama. Alinigusa bega.

"Sasa yuko wapi?"

Nilitazama saa ya Mihayo. "Anakwenda kilomita laki tatu kila sekunde, mama. Mwezi aliupita kabla hujajikung'uta magoti."

"Na sasa?"

"Ametoka eneo la Mshtarii. Anaelekea Zohali."

"Amechoka?"

"Mwanga hauchoki, mama."

"Kweli? Maana yule bwana alikuwa mvivu wa kutembea. Kwenda mnadani tu alitaka apakiwe baiskeli." Akacheka kidogo, Mihayo naye akacheka, halafu Mihayo akaficha uso kwenye godoro.

Niliendelea kumtajia. Kwa kweli sayari hazikuwa zimepangwa mstari mmoja kama nilivyokuwa nazitaja, lakini nilishatubu vya kutosha kwa siku moja. Tulipoanza kuona nyumba za kwanza za Kahama alikuwa ameipita Neptuni, nami nikaishiwa. Mbele yake hapakuwa na kitu chenye jina kwa miaka minne mizima, hadi nyota ya jirani.

"Sasa?" akauliza. Macho yake yalikuwa mazito.

"Sasa hakuna vituo, mama. Ni peupe tu."

"Basi nitajie kilomita."

Nikamtajia. Bilioni nne na milioni mia tatu. Bilioni nne na milioni mia nne. Fuso likakunja kona kuingia Nyasubi, na Agnetha alikuwa amesimama barabarani, kanga imefungwa kiunoni tayari kwa kupokea mizigo. Mihayo alimwashiria asipige kelele. Mama yake alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa begani kwangu, na mimi nilikuwa naendelea kuhesabu kwa sauti ndogo, maana sikujua ningeanzaje kuacha.