Neno la Jumapili ya Kumi na Tatu

Jumapili moja ya mwezi wa pili, saa tano asubuhi, Gédéon, dereva wa lori, alimpigia mama yake simu ya video kutoka Bukavu. Anne-Marie alikuwa kwake Kavimvira, akichambua maharagwe mbele ya kompyuta. Kijana alisema, "Mama, minye," yaani mimi, kisha intaneti ikakwama na uso wake ukasimama pale, mdomo wazi. Mama alipigia kampuni ya intaneti. Dada wa huduma alifungua faili, akamweleza kuwa fundi angefika siku yoyote ya kazi, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Asipokuta mtu nyumbani, faili ingefungwa.

Jumanne lori la Gédéon lilipinduka kwenye miteremko ya Ngomo. Alizikwa Alhamisi. Jumapili, watu walipotoka misa, mdomo wake ulisogea kwenye kompyuta, akasema, "niko".

Tangu hapo lilifika neno moja kila Jumapili. Intaneti ya kampuni ile haikuwahi kuwa na haraka, kwa hiyo hakuna aliyeulizauliza. Majirani walikuja na viti vyao, wakamsalimu marehemu, wakasikiliza, wakarudi kula. Padri Sévère alifupisha matangazo ya parokia ili waumini wasichelewe. Shemeji yake Anne-Marie, mzee Frédéric, aliahirisha siku ya kuondoa matanga, maana mtu haondolewi matanga kabla hajamaliza kusema.

Neno la saba lilikuwa jina. Anne-Marie aliyaunganisha yote: "Niko na mutoto mwanamuke, jina lake Keza." Akalia kwa furaha, kwa kuwa Gédéon alikuwa mtoto wake wa pekee na hakuna aliyejua kwamba ameacha damu. Kisha yakafuata, Jumapili kwa Jumapili: anaikala, na, mama, yake, ku. Lilibaki neno moja, la mahali wanapokaa.

Ndipo Anne-Marie alipokwenda kwenye ofisi ya kampuni kuomba fundi asije. Karani alimjibu kwa heshima zote kwamba faili iliyofunguliwa haifutwi mpaka fundi afike.

Fundi alifika Ijumaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji huyu alisimama mlangoni akashika miimo kwa mikono miwili. Fundi aliitwa Onesphore, mtu mpole. Alivua kofia, akamsalimu Gédéon kutoka palepale nje, akampa mama pole.

"Baba, unipatie mpaka siku ya Mungu tu," Anne-Marie alisema. "Nijue mujukuu wangu iko wapi."

"Mama, nikirudia bila kutengeneza, watakata intaneti kabisa. Acha niombe chef, mukubwa wangu."

Onesphore alipiga simu Bukavu. Alieleza vizuri, bila kuruka kitu. Chef alisikiliza mpaka mwisho, akaomba namba ya faili, na kwa kuwa mwezi ulikuwa unaisha na mafaili yalipaswa kufungwa, akaizima modemu na kuiwasha yeye mwenyewe kutoka hukohuko. Uso wa Gédéon ukaondoka. Onesphore alibaki na simu sikioni, akilia.

Anne-Marie aliletewa ujumbe. Tatizo lako limetatuliwa. Tupe alama, moja hadi tano.

Intaneti sasa inakwenda mbio. Frédéric aliondoa matanga. Anne-Marie alipigia tena kampuni, akaomba arudishiwe intaneti ya zamani, nao wakamfungulia faili mpya: fundi atafika siku yoyote ya kazi, asitoke nyumbani. Keza ni jina la watu wa tambarare, na tambarare ya Ruzizi ina vijiji vingi, lakini siku ambayo mafundi hawafanyi kazi ni Jumapili peke yake. Kwa hiyo anakwenda kijiji kimoja kila Jumapili.

Jumapili iliyopita ilikuwa Mutarule. Aliuliza, akaletewa Keza wanne. Aliwatazama masikio mmoja mmoja, akitafuta ya Gédéon, akawapa wote biskuti, akapanda gari la kurudi. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa amekaa kando ya modemu, mlango wazi, akimngojea fundi.