Maji ya Bondeni

Mama mchungaji hakuwa mtu wa makelele, lakini mumewe alipomwonyesha kisima cha ubatizo kilichojengwa ndani ya kanisa, kimepigwa vigae vya buluu kama bafu la hoteli, damu ilimchemka.

"Sasa mtoni hatuendi tena," mchungaji alisema, akipangusa vigae kwa kiganja. "Binti yetu ndiye atakayekifungua, abatizwe wa kwanza. Tutajaza maji ya bomba, safi kabisa."

"Na mto je?"

"Mto umefanyaje?"

Eti umefanyaje! Mwenye kiwanda cha ngozi, aliyeezeka kanisa zima hata akabandikwa jina la Mzee Mabati, alikuwa akimwaga maji ya dawa mtoni mchana kweupe, yananuka yai bovu. Pasaka iliyopita waliobatizwa walitoka wakijikuna. Kanisa likafanya nini? Likahamia juu kidogo, kabla mto haujafika kiwandani, likaendelea kuimba. Sasa limeingia ndani kabisa na kufunga mlango. Watu wa bondeni, walio chini ya kiwanda, hawakuwa na pa kuhamia. Waliyachota hayo hayo, wakayapikia, wakawaogeshea watoto.

"Baba, wewe ndiye unayehubiri kwamba Mungu alitukabidhi dunia tuitunze. Mwambie basi huyo mzee."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mama. Bado tuna ukuta wa kujenga."

Alimtazama mumewe kwa chuki ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu waoane. Kisha akasema kwa upole, "Sawa. Kazi ya kujaza maji niachie mimi." Mchungaji akafurahi, akidhani yamekwisha.

Jumamosi aliteremka bondeni, akawaeleza akina mama alichokusudia bila kuwaficha kitu. Mmoja akacheka mpaka akashika kiuno. "Leo na sisi tunapeleka sadaka," akasema, akajitwisha ndoo. Walichota mtoni, chini ya bomba la kiwanda la kumwagia uchafu, wakajaza kisima, wakakifunika kwa turubai.

Jumapili kanisa lilifurika. Desturi yao, tangu enzi za mtoni, ilikuwa mzee wa kanisa kutangulia majini na fimbo, apime kina, kisha asimame humo kuwapokea wanaobatizwa. Mzee wa kanisa, nani tena, alikuwa Mzee Mabati. Alikunja suruali, akashika fimbo. Turubai likavutwa. Harufu ilipanda, na kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Mzee Mabati alichovya fimbo, akainusa, akarudisha mguu nyuma. "Nani kaleta uchafu huu kanisani?"

"Ni maji wanayokunywa bondeni, mzee," mama mchungaji alijibu. "Yametoka kwako. Tangulia, mwanangu anakungoja."

Mzee Mabati alimgeukia mchungaji, akingoja kuokolewa. Mchungaji alikuwa ameinamisha macho. Binti yao, ambaye hakuambiwa chochote, alikuwa ameshavua viatu. Alijua tu kwamba baba yake akisimama penye maji, ni mahali pa kuingia. Akakanyaga ngazi ya kwanza.

Mchungaji aliruka, akamdaka mkono. "Usiingie humo!"

Mlangoni alisimama mama mmoja wa bondeni, mtoto mgongoni, miguu ya mtoto imejaa vidonda. Akauliza taratibu, "Na wetu je, mchungaji?"

Mchungaji aliitazama miguu ile. Kisha akamwambia Mzee Mabati, "Ziba bomba lako. Hapa habatizwi mtu mpaka lizibwe."

"Nitakuja kung'oa mabati yangu."

"Njoo uyang'oe."

Watu walipiga makofi. Mama mchungaji hakupiga. Alimchukua binti yake, akampitisha mbele ya mumewe bila kumtazama. Maji yale yalikuwa yakinywewa na watoto wa watu mwaka mzima, na ilibidi yakaribie kugusa mguu wa mwanawe ndipo mchungaji aone kwamba ni sumu.